Kalamu ya Risasi Isiyo na Risasi: Majina ya Penseli za Mti katika Nyanda za Juu Kusini

Miongoni mwa vifaa vya kuandikia, penseli ya mti ni rahisi kwa bei na nyingi kwa idadi, lakini wanaistilahi wameishughulikia kwa uchache mno. Sababu yake haifichiki. Kila mtu anaijua penseli, na kitu kijulikanacho na kila mtu hudhaniwa kuwa kimekwisha kupewa majina yote yanayokistahili. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba dhana hiyo si sahihi, na kwamba upungufu wa majina una madhara kwa mwalimu darasani, kwa mfasiri mezani, na zaidi kwa mtumishi wa ofisi anayetunza majalada ya zamani. Mifano yetu mingi inatokana na penseli zisizo za kawaida tulizoonyeshwa katika mikoa ya Mbeya na Iringa, wakati tulipokuwa tukikusanya maneno ya useremala na ya kazi za ofisi. Penseli ya kawaida haimlazimishi mtu kuuliza swali lolote. Ile isiyo ya kawaida humlazimisha kutafuta jina la kila sehemu yake.

Yafaa tuanze na jina lenyewe. Neno *kalamu* tumelipata katika Kiarabu *qalam*, na Waarabu nao walilipokea kutoka kwa Wayunani, ambao neno lao *kalamos* lilikuwa na maana ya tete. Ndivyo ilivyokuwa kalamu ya waandishi wa pwani yetu: tete lililokaushwa, likachongwa ncha kwa kisu, likachovywa katika wino. Hata leo tunasema *kuchonga penseli*, na kitendo hicho kina asili katika kalamu ya tete kabla ya penseli kufika. Neno *risasi* nalo ni Kiarabu, *rasas*, yaani madini yale mazito yanayoyeyuka upesi motoni. Waarabu huiita penseli *qalam rasas* hadi leo. Kwa hiyo wale wasemao kwamba *kalamu ya risasi* ni tafsiri ya Kiingereza wana haraka kidogo. Jina hilo lina sura ile ile ya Kiarabu, neno kwa neno, na tunaona ni sahihi zaidi kulihesabu kuwa limetufikia kwa njia hiyo. Wajerumani waliotawala Iringa kabla ya Waingereza nao huiita penseli *Bleistift*, na *Blei* kwao ni risasi. Lugha tatu zilizopata kutumika katika ofisi za nchi hii, pamoja na yetu, zimekubaliana kusema jambo moja lisilo kweli.

Maana penseli haina risasi, wala penseli ya mti kama tunavyoijua haikupata kuwa nayo. Katika karne ya 16 yaligunduliwa huko Borrowdale, kaskazini-magharibi ya Uingereza, madini meusi yenye kung'aa yaliyoacha alama safi juu ya karatasi. Watu wa wakati huo, waliozoea kuchora mistari kwa vijiti vya risasi halisi, waliyadhani kuwa ni risasi ya aina nyeusi. Kosa hilo lilidumu zaidi ya miaka 200. Mwaka 1779 mkemia wa Sweden, Carl Wilhelm Scheele, alionyesha kwamba madini hayo ni kaboni, ndugu wa makaa na almasi. Na mwaka 1789 Mjerumani Abraham Gottlob Werner akayapa jina jipya kutokana na kitenzi cha Kiyunani chenye maana ya kuandika. Mwaka 1795, Ufaransa ikiwa vitani na Uingereza na madini ya Borrowdale hayapatikani, Nicolas-Jacques Conté alisajili njia ya kusaga madini hayo, kuyachanganya na udongo wa mfinyanzi, kisha kuyachoma katika tanuri. Udongo ukizidi, penseli huwa ngumu na hafifu. Ukipungua, huwa laini na nyeusi. Penseli zote za leo ni watoto wa tanuri hilo. Lakini kufikia hapo jina la risasi lilikuwa limekwisha kuenea, na jina likishaenea halingoji ruhusa ya mkemia.

Sisi Watanzania tumo katika hali ya pekee katika jambo hili, kwa kuwa madini hayo yamo katika ardhi yetu na tumeyapa jina. Yanaitwa *kinywe*. Yamechimbwa Mererani, yanapatikana kwa wingi Mahenge katika Wilaya ya Ulanga, na Ruangwa katika Mkoa wa Lindi. Na katika taarifa za serikali na magazetini neno *kinywe* limekwisha kuzoeleka. Linaandikwa pamoja na habari za leseni, za mauzo ya nje na za betri za magari ya umeme. Hata hivyo, hayumkini mwanafunzi asome habari za kinywe katika gazeti asubuhi, akiwa ameshika kinywe hicho mkononi, bila kujua kwamba ni kitu kimoja. Maneno mawili yanaishi katika nyumba moja na hayajaamkiana. Sababu ni kwamba neno moja liliingia kwa mlango wa shule na jingine kwa mlango wa migodi, na hakuna kitabu kilichoyakutanisha.

Je, kuna madhara? Yapo. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi katika Mkoa wa Iringa alitusimulia kwamba mtoto alichomwa na ncha ya penseli kiganjani, na ncha ikakatikia ndani. Mama yake alikimbilia zahanati akilia kwamba mwanawe ameingiwa na risasi. Tusimcheke mama huyo. Alikuwa amesikia, na ni kweli, kwamba risasi ni sumu, na kwamba watoto wadogo hudhurika nayo akilini. Aliunganisha habari mbili alizopewa na lugha yake mwenyewe, akafikia hitimisho ambalo lugha ilimwelekeza. Kinywe kilichokatikia katika ngozi hakileti sumu. Hubakiza doa la kijivu na huhitaji kusafishwa kama jeraha jingine lolote. Upande mwingine wa habari hii ni kwamba risasi imepata kuwapo katika penseli, ila mahali ambapo jina halikuielekeza. Ilikuwa nje, katika rangi ya mafuta iliyopakwa juu ya mti. Rangi za zamani za aina nyingi zilitiwa risasi ili zing'ae na zikauke upesi, na watoto hutafuna penseli. Marekani, kwa mfano, iliweka kikomo kikali cha risasi katika rangi za vitu vya watoto mwaka 1978. Basi mtu aliye na penseli za zamani zilizopakwa rangi asimpe mtoto azichezee, na sababu ya kumzuia ni ganda lake.

Penseli zilizotusukuma kuandika haya zilikuwa katika kopo la biskuti. Mwenye kopo ni mwalimu mstaafu wa Mbeya, mzee aliyefundisha zaidi ya miaka 30, ambaye hakupata kutupa penseli yoyote iliyokuwa na maandishi asiyoyajua. Alitumiminia mkekani, akasema, "Haya wanangu, nyinyi ndio watu wa maneno, niambieni hizi zinaitwaje." Zilikuwamo penseli za pembe sita, za mviringo, moja ya pembe tatu, moja bapa kama ulimi, moja yenye wekundu upande mmoja na ubuluu upande wa pili, na vipande vifupi visivyofika urefu wa kidole. Tulijibu tulichoweza. Tuliona mara moja kwamba kwa Kiswahili tulikuwa na maneno ya kutosha kuzihesabu, na maneno machache sana ya kuzieleza.

Ili mtu aitambue penseli asiyoijua, humlazimu kuitazama katika mambo manne au matano: umbo, mti, kiini, rangi ya nje, na chapa. Umbo halina taabu. Tuseme tu kwamba pembe sita zimependwa kwa kuwa haziviringiki mezani na huokoa mti kiwandani kuliko umbo la mviringo. Na kwamba penseli bapa ni ya seremala, ambaye huiweka juu ya paa au juu ya gogo na hapendi kuifuata bondeni. Kiini ndicho kile kilichoitwa risasi. Sisi tunapendekeza kiitwe *kiini* bila kutaja madini, maana si kila penseli ina kinywe. Ile nyekundu na buluu, ambayo wasahihishaji na wakaguzi wa hesabu waliipenda, kiini chake ni rangi iliyochanganywa na nta na udongo.

Mti unahitaji maelezo marefu zaidi, na hapa ndipo wafasiri wanapohusika hasa. Penseli hutengenezwa kwa vibao vyembamba vilivyochimbwa mifereji. Viini hulazwa katika mifereji, kibao cha pili hupakwa gundi na kufunikwa juu, kisha vibao vilivyoshikana hukatwa kuwa penseli kadhaa. Ukitazama mwisho wa penseli isiyopakwa rangi utaona mstari wa maungo ukipita katikati ya kiini. Mti ufaao ni ule ulionyoka nyuzi, laini kwa kisu, usiopasuka. Wamarekani waliutumia mti wao mwekundu wenye harufu nzuri mpaka, mwanzoni mwa karne ya 20, ukawa adimu. Watengenezaji wa Ulaya na Marekani wakaanza kutafuta mwingine. Mmoja waliouona kufaa ulikuwa katika milima yetu.

Mti huo ni *mwangati*, ambao wataalamu wa mimea huuita Juniperus procera. Kaskazini ya nchi na Kenya wengine huuita *mtarakwa*, jina lenye asili ya Kimaasai. Ubao wake una wekundu wa kahawia, unanukia, na mchwa hawaupendi. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, kampuni ya Kijerumani ya Wilkins na Wiese iliukata katika msitu wa Shume, Usambara, na mbao ziliteremshwa kwa njia ya kamba za waya, yenye urefu wa karibu kilomita 9, hadi Mkumbara kwenye reli ya Tanga. Kutoka Tanga zilikwenda Ujerumani, na viwanda vya penseli vilikuwa miongoni mwa wanunuzi. Baada ya vita, Kenya ndiyo iliyoongoza katika kusafirisha vibao vya penseli vya mwangati. Nyanda za Juu Kusini hazikupata umaarufu katika biashara hiyo, ijapokuwa mwangati haukomi kaskazini: nyanda za Nyika, upande wa pili wa mpaka wetu na Malawi, zina msitu wa mwangati unaojulikana kuwa miongoni mwa ile ya kusini kabisa barani. Upande wa Iringa, misitu ya Sao Hill katika Wilaya ya Mufindi ni ya misonobari iliyopandwa, nayo imewapa watu mbao, nguzo na, tangu katikati ya miaka ya 1980, malighafi ya kiwanda cha karatasi cha Mgololo. Hivyo mtu wa Mufindi ana karatasi ya kwao, na penseli yake hutoka ng'ambo.

Sasa tatizo la mfasiri. Kwa Kiingereza, mwangati na ule mti mwekundu wa Marekani huitwa kwa jina lile lile linalotumika kwa mti wa Lebanoni unaotajwa katika Biblia. Mfasiri akifungua kamusi huona *mwerezi*, naye huandika mwerezi. Tumesoma maandishi ya Kiswahili yanayosema kwamba penseli za zamani zilitengenezwa kwa "mwerezi wa Afrika ya Mashariki", mti ambao hakuna mtu wa Lushoto anayeujua kwa jina hilo. Kosa lake ni maradufu. Kwanza, mti wa Marekani wenyewe si mwerezi. Ni wa jamii moja na mwangati wetu, na Waingereza wenyewe waliupa jina la kukosea. Pili, mti uliokatwa na mababu zetu, ukapakiwa na mababu zetu, unarudishwa kwetu ukiwa umevikwa jina la Biblia, na msomaji anadhani ni mti wa nchi za mbali. Tunasisitiza kwamba panapotajwa mti wa penseli wa Afrika ya Mashariki, uandikwe *mwangati*. Na mti wa Marekani uitwe *mwangati wa Marekani*. Neno *mwerezi* liachiwe Lebanoni.

Kwa macho matupu si rahisi kuutenga mwangati wetu na wa Marekani. Vyote viwili ni vyekundu na vinanukia ukivichonga, na anayetaka hakika hana budi kutumia hadubini. Miti mingine hujitambulisha kwa urahisi zaidi. Mti wa California ulioshika nafasi ya ule wa Virginia una rangi nyepesi kidogo. Mti wa jelutong wa Malaysia ni mweupe, nao una vitundu vidogo kama mikato ya wembe, ambavyo ni njia za utomvu wake. Penseli nyingi za China ni za mti mweupe uliotiwa rangi ya waridi ili ufanane na miti ya asili. Chonga kidogo, utaona rangi haikuingia sawasawa.

Katika chapa ndipo penseli inaposema umri wake, kwa yule anayejua kusikiliza. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1887 kuhusu alama za biashara ilisababisha bidhaa nyingi za kigeni kuandikwa nchi zilikotoka, na tangu hapo majina ya nchi yamekuwa saa nzuri. Penseli ya Hardtmuth kutoka mji wa Budweis ikisema Austria, ni ya kabla ya mwaka 1918. Ikisema Czechoslovakia, ni ya baada ya hapo na kabla ya nchi hiyo kugawanyika mwishoni mwa mwaka 1992. Penseli ikitaja Ujerumani ya Magharibi, imetengenezwa kati ya 1949 na 1990. Jina Castell halikuwa sehemu ya jina la nyumba ya Faber mpaka baada ya ndoa ya mwaka 1898 iliyoziunganisha familia mbili, na penseli ya kijani iliyokoza iitwayo Castell 9000 ilianza kuuzwa mwaka 1905. Penseli za Uingereza za wakati wa Vita Kuu ya Pili aghalabu hazikupakwa rangi, kwa sababu ya uhaba. Penseli tupu yenye chapa ya Kiingereza isidhaniwe kuwa imebanduka.

Katika kopo la Mbeya zilikuwamo penseli tatu za Chung Hwa kutoka Shanghai, moja ya kijani yenye namba 101. Mzee alisema alizinunua dukani, na hakuna sababu ya kumtilia shaka. Wengi hudhani kwamba bidhaa za China zilikuja na wajenzi wa reli ya TAZARA mifukoni mwao. Mpango wenyewe ulikuwa mpana zaidi. Sehemu ya gharama za ndani za ujenzi huo, uliofanywa kati ya 1970 na 1975, ililipwa kwa fedha zilizopatikana kwa kuuza bidhaa za China katika maduka ya Tanzania na Zambia. Miaka hiyo hiyo ndiyo ya kampeni kubwa ya elimu ya watu wazima, na mwisho wa mwaka 1974 likatoka Azimio la Musoma lililoharakisha elimu ya msingi kwa wote. Mamilioni ya vidole vilikuwa vikijifunza kushika penseli kwa mara ya kwanza. Hatuwezi kusema ni penseli ngapi kati ya hizo zilizotoka Shanghai, ila mtu anayeokota Chung Hwa kuukuu kando ya reli, kutoka Makambako hadi Mbeya, asishangae.

Tumefika sasa kwenye penseli iliyo muhimu kuliko zote katika makala haya, nayo kwa nje haina la ajabu. Ilikuwa fupi, ya mviringo, yenye kiini cha kijivu cheusi kama nyingine. Mzee aliichonga kidogo, akadondosha unga juu ya karatasi nyeupe, akatia tone la maji kwa ncha ya kidole. Unga ukageuka zambarau iliyoiva. "Hii tuliita penseli ya mate," alisema, "karani alikuwa anailamba ndipo anaandika. Ulimi wake ulikuwa hauna siri."

Aina hii ilibuniwa katika miaka ya 1870. Kiini chake ni kinywe na udongo vilivyochanganywa na rangi ya anilini, aghalabu ya zambarau, inayoyeyuka katika maji. Ofisi za wakati huo zilinakili barua kwa kuzibana pamoja na karatasi nyembamba yenye unyevu katika chombo cha chuma, na rangi ikahamia kwenye nakala. Baadaye ilipendwa kwa sababu nyingine: haifutiki kwa raba. Askari, makarani wa kodi, wapima ardhi na wapokea mizigo walipewa penseli hii ili wanayoyaandika yasibadilishwe, bila kulazimika kubeba kidau cha wino porini. Tuongeze kwamba kipande cha kiini hiki kikiingia jichoni ni hatari ya kweli, na madaktari wa macho wameandika sana juu yake. Hapa woga wa yule mama ungekuwa mahali pake.

Kwa Kiingereza, jina lake moja lina maana ya "isiyofutika", nasi tumeona likitafsiriwa *penseli isiyofutika*. Jina hilo limewaponza watu. Ni kweli haifutiki kwa raba, lakini maji huiyeyusha, na mwanga mkali wa jua huifififisha mpaka ikatoweka. Penseli ya kinywe ni kinyume chake kabisa: raba huiondoa, lakini maji na jua haviiwezi, kwa kuwa kaboni haiyeyuki wala haichujuki. Sasa fikiria ofisi katika nchi ya mvua. Tukuyu, kwa mfano, hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka. Na Mufindi ukungu ni mgeni wa kila siku kwa miezi kadhaa. Paa likivuja juu ya majalada, desturi ya watunzaji wengi ni kuyatoa nje na kuyaanika juani. Kwa maandishi ya kinywe, tiba hiyo ina ubaya kwa karatasi tu. Kwa maandishi ya penseli ya zambarau, maji yamekwisha kuyatawanya, na jua linamalizia kazi.

Hayo tuliyaona wenyewe katika ofisi moja ambayo hatutaitaja. Katika orodha ya majalada, safu ya "namna ya maandishi" ilikuwa na maneno mawili tu ya kuchagua, *wino* au *penseli*. Daftari moja la mipaka ya mashamba lilikuwa limeandikwa *penseli*, na kwa hiyo lilipolowa likaanikwa pamoja na mengine. Kurasa zake za kati sasa ni mawingu ya zambarau. Mtumishi aliyelianika alifuata maelekezo aliyopewa. Aliyeiandaa fomu naye alitumia neno ambalo lugha ilimpa. Watu wa kijiji kilichohusika, wakigombania mpaka leo, watakosa ushahidi ambao ulikuwapo miaka michache tu iliyopita. Mji wa Iringa umekuwa na ofisi tangu Wajerumani walipojenga kituo chao huko mwaka 1896, wakati wa vita vyao na Mkwawa. Mbeya imekuwa nazo tangu mji ulipoota katika miaka ya 1920 na 1930, siku za dhahabu ya Lupa. Katika makabati ya mikoa hiyo, na mingine yote, kuna kurasa za zambarau nyingi kuliko tunavyodhani, na nyingi bado hazionyeshi zambarau yake, maana hazijalowa.

Ndiyo maana aina hii inahitaji jina lake. *Penseli ya mate* ni jina tamu, na linaeleza historia, lakini haliwezi kuingia katika fomu ya serikali bila mtu kutabasamu. *Penseli ya zambarau* humpoteza mtu, kwa kuwa penseli kavu na maandishi makavu yanaweza kuonekana ya kijivu tu. *Penseli ya kunakilia* hutaja kazi ambayo imekwisha kusahaulika. Sisi tunapendelea *penseli ya wino*. Jina hilo linaeleza tabia yake, kwamba hugeuka wino ikiguswa na maji, nalo linamwonya mtunzaji aitendee karatasi yake kama karatasi ya wino: ikaushwe kivulini penye hewa, isifutwe kwa kitambaa kibichi, isipakwe gundi ya maji. Anayetaka kuijaribu penseli yenyewe na afanye kama alivyofanya mzee, kwa unga uliochongwa juu ya karatasi nyingine. Asilijaribu daftari. Katika daftari huangaliwa tu kama kuna mahali palipoguswa na jasho au tone la chai ambapo mstari umeingia zambarau, aghalabu hapakosekani.

Mapendekezo mengine ni mafupi. Penseli ya seremala tumeikuta katika karakana za Mafinga ikiitwa *penseli bapa* na *penseli ya fundi*. La kwanza linatosha. Pete ya bati inayoshika raba mwishoni iitwe *pete*. Ubao mwembamba wenye mifereji uitwe *kibao cha penseli*. Alama iliyogandamizwa juu ya rangi ni *chapa*, na hakuna haja ya kubuni. Kuhusu jina *kalamu ya risasi*, hatupendekezi lifukuzwe katika mazungumzo. Limekaa mno, lina wenzake katika lugha kubwa, na watoto watalisikia kwa bibi zao. Lakini katika vitabu vya sayansi, katika fomu za forodha na katika maelekezo ya afya, iandikwe *penseli*, na kilichomo ndani yake kiitwe *kinywe* pale ambapo ni kinywe kweli. Kitabu cha darasa kitakachoyaweka maneno hayo mawili katika sentensi moja kitakuwa kimefanya kazi kubwa kwa wino mchache.

Limebaki suala la herufi za ugumu, ambalo walimu wa uchoraji wa Mbeya walituuliza zaidi ya mara moja. Penseli huandikwa H kwa ugumu, B kwa weusi, HB kwa ile ya kati, na namba huongezwa kadiri sifa inavyozidi. Wamarekani hutumia namba peke yake, na namba 2 yao inakaribiana na HB. Wapo waliopendekeza G kwa *gumu* na L kwa *laini*. Sisi tunaona herufi hizo zimekuwa alama, kama zilivyo alama za vipimo, na penseli zitaendelea kutufikia zikiwa zimepigwa chapa hiyo hiyo. Mwanafunzi akifundishwa G ataitafuta dukani asiione. Zibaki zilivyo, na zisomwe kwa Kiswahili: *echi mbili, bii nne*.